Maswali ya Gereji: Geji ya Presha ya Oili

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: geji ya presha ya oili, ile saa ndogo ambayo mwenye gari huifunga mwenyewe kwenye dashibodi. Tumechagua zile ambazo jibu lake litawafaa na wengine.

Mhariri, naendesha Probox ya injini ya 1NZ kati ya Ahero na Kisumu mjini, abiria na mizigo. Jioni nikisimama kwenye foleni taa ya oili huanza kupepesa, nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Fundi mmoja amesema nifunge geji ya presha, mwingine anasema ni swichi tu nibadilishe. Nikiamua kufunga geji, nichukue ipi na ifungwe vipi? – Dereva, Ahero

Ndugu dereva, kabla ya geji kuna kijiti cha kupimia oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika tano, chomoa, pangusa, rudisha, chomoa tena. Injini yako hubeba takriban lita 3.7 pamoja na filta, na nyingi za Probox zinazopiga kazi ya abiria hula oili polepole bila moshi wa kuonekana. Ikiwa iko chini ya alama ya chini, jaza kwanza, kisha uone kama taa inarudi.

Kama kiwango kiko sawa na taa bado inapepesa, mafundi wako wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na kuna njia moja tu ya kujua: toa swichi ya taa, funga geji ya kupimia ya gereji kwenye tundu hilohilo, pasha injini moto kabisa, usome. Swichi ya taa hufunga saketi presha ikishuka kati ya bar 0.2 na 0.5, kutegemea imetengenezwaje. Kwa injini nyingi ndogo za petroli za Toyota, kitabu cha mtengenezaji kinaridhika na bar 0.3 kwa mngurumo wa chini, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, na kwa mizunguko 3,000 kwa dakika eneo la kawaida ni bar 2.5 hadi 5. Kipimo kikitoka chini ya hapo, usinunue geji kwa sasa. Hizo pesa zielekeze kwenye chujio la ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), valvu ya kupunguza presha, na pengine beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini. Kikitoka juu ya hapo, badilisha swichi, na sasa geji ya kudumu ina maana kwako, kwa sababu utaona kushuka kabla taa haijapata la kusema.

Kuna geji za aina tatu sokoni. Ya kwanza ni ya mekanika: mrija mwembamba unaleta oili yenyewe kutoka kwenye injini hadi nyuma ya saa. Haihitaji senda (kihisi kinachopima presha kwenye injini na kuituma kwa saa kwa waya) wala umeme, isipokuwa wa taa ya usiku, na husoma kwa usahihi mzuri. Kwa gari la abiria hatuipendi. Mrija ukitoboka ndani ya kabini, oili ya moto yenye presha ya bar tatu au nne inamwagikia miguu ya dereva. Ukitoboka upande wa injini, inarukia ekzosti. Mrija wa nailoni hulainika ukikaa karibu na joto, na wa shaba hukakamaa kwa mtikisiko kisha hupasuka penye kona. Aina ya pili ni ya umeme yenye senda ya ukinzani, ambayo ina waya mmoja au miwili. Ya tatu ina senda ya waya tatu inayolishwa volti 5 na kurudisha kati ya volti 0.5 na 4.5. Kwa Probox chukua ya pili au ya tatu, saa ya milimita 52, yenye kipimo kisichozidi bar 7 au psi 100. Wengi hununua ya bar 10 kwa sababu inaonekana ya nguvu zaidi, halafu sehemu unayoihitaji, kati ya sifuri na bar moja, inabanwa kwenye nafasi ya kucha.

Vitu vya kutafuta ni hivi: geji na senda yake kutoka kwenye pakiti moja, kiungo cha T cha shaba nyeupe au cha chuma, hosi fupi iliyosukwa kwa waya ya chuma ya sentimita 30 hadi 50 yenye kichwa kila upande, kibano cha kushikilia senda kwenye bodi, waya wa milimita mraba 0.75 au 1 wa rangi nne, mita tatu kila rangi, fyuzi ya ampea 3 na kishikizo chake, mpira wa kuziba tundu la ukuta wa injini, na bomba la plastiki lenye mikunjo la kufunika nyaya. Ongeza gundi ya kuziba thredi, ya maji, inayostahimili oili na joto. Ikiwa fundi atakuja na ile tepu nyeupe ya mabomba, soma mbele kidogo kabla hujamruhusu.

Sasa thredi, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Tundu la swichi kwenye injini za Kijapani kwa kawaida ni la 1/8 BSPT: thredi 28 kwa inchi, iliyochongoka, kipenyo cha nje milimita 9.7. Senda nyingi zinazokuja na geji za mtindo wa Marekani ni 1/8 NPT: thredi 27 kwa inchi, kipenyo cha milimita 10.3. Za Ulaya nyingi ni M10x1, ambayo haijachongoka. Zote tatu zikikaa kwenye kiganja unaona ni ndugu mmoja, na mbaya zaidi, NPT huingia kwenye tundu la BSPT mizunguko miwili au mitatu bila kulalamika kisha inakaza. Fundi anadhani imefika. Anaongeza nguvu, thredi za block (mwili wa injini) zinakatika au shaba inapasuka, na kuanzia hapo unavuja maisha. Kanuni ya kufuata: kitu chochote kinachoingia kwenye block lazima kiingie kwa vidole angalau mizunguko mitatu hadi minne kabla ya spana. Kisipoingia, tafuta adapta. Adapta ya BSPT kwenda NPT ni kijipande kidogo tu na mwenye duka la hosi za haidroliki anaijua ukimwambia namba.

Kazi yenyewe ifanye injini ikiwa imelala usiku kucha, ili oili iwe imeshuka kwenye sampu. Utakachomwaga ni vijiko viwili vitatu, weka tambara chini. Ondoa waya wa hasi wa betri. Tafuta swichi kwa kufuata waya mmoja unaoishia kwenye kitu cha mviringo kilichopigwa kwenye block au karibu na filta ya oili. Bonyeza kishikizo cha plastiki kabla ya kuvuta, kwa sababu plastiki ya miaka kumi na tano huvunjika kama biskuti. Swichi ya Toyota mara nyingi hutaka soketi ndefu ya 24. Ifungue, safisha tundu kwa tambara lisilotoa nyuzi.

Kwenye block ingiza kichwa cha hosi, si T. Upande wa pili wa hosi, uliofungwa kwenye bodi kwa kibano, ndipo uweke T, na kwenye T weka swichi yako ya zamani pamoja na senda. Tunasisitiza swichi ibaki. Geji huonekana tu macho yakiielekea, taa hukuita. Kukaza ni Nm 15 hivi, yaani spana fupi na mkono mmoja, na shika kiungo kwa spana ya pili ili usisokote hosi.

Kuhusu tepu: senda ya waya mmoja hupata hasi yake kupitia thredi zake. Ukiizungushia tepu nene umeikatia ardhi, na mshale utasoma uongo au hautasoma kabisa. Vipande vya tepu pia hukatika na kuingia kwenye njia ya oili, na njia nyingine ni nyembamba. Gundi ya maji pakaza kuanzia thredi ya pili, ya kwanza iache kavu. Na kwa kuwa senda yako sasa inaning'inia kwenye hosi, usitegemee thredi pekee: funga waya mweusi kutoka kwenye mwili wa T hadi kwenye boliti ya block iliyokwanguliwa rangi.

Nyaya za saa ni nne. Nyekundu huenda kwenye umeme unaowaka ufunguo ukiwa ON, kupitia fyuzi ya ampea 3. Usiibe kutoka kwenye fyuzi ya mifuko ya hewa wala ya kompyuta ya injini. Ya wipa inafaa. Nyeusi huenda kwenye boliti ya chuma tupu nyuma ya dashibodi. Ya taa ya usiku huungwa kwenye saketi ya taa za kuegesha. Ya nne inatoka kwa senda. Waya wowote wenye kiunganishi cha manjano chini ya usukani ni wa mfuko wa hewa, usiuguse. Kupita ukutani tumia tundu lenye mpira tayari, lile la mkungu wa nyaya wa kiwandani, utoboe mpira huo kwa bisibisi nyembamba badala ya kuchimba chuma. Nyaya zikae mbali na ekzosti kwa upana wa kiganja, na zifungwe kila sentimita 15.

Halafu jaribu kwa mpangilio huu. Ufunguo ON, injini imezimwa: taa ya oili lazima iwake na mshale ukae sifuri. Isipowaka, swichi haijapata hasi kwenye T. Washa, ndani ya sekunde mbili tatu presha ipande na taa izime. Ikipita sekunde tano bila kupanda, zima. Iache ingurume dakika kumi huku ukimulika kila kiungo kwa tochi, halafu endesha, zima, kagua tena ikiwa moto. Tone dogo kwenye kiungo kilichochongoka hukazwa robo mzunguko, si zaidi.

Nimefunga geji kwenye Fielder yangu. Nikiwasha ufunguo tu, kabla injini haijawaka, mshale unaruka hadi mwisho na kukaa hapo. Injini ikiwaka unashuka. Senda niliinunua peke yake kwa sababu ya zamani ilipotea. – Msomaji, Free Area, Nakuru

Senda yako na saa yako hazisikilizani. Senda za ukinzani ziko za desturi mbili kubwa. Zile za VDO na jamaa zake zina omu 10 kwenye sifuri na hupanda hadi 180 kwenye presha ya juu. Za Kimarekani zina omu 240 kwenye sifuri na hushuka hadi 33. Ukiunga moja na saa ya nyingine, mshale unakwenda kinyume, kama ulivyoona.

Chomoa waya wa senda na uuache hewani, ufunguo ON. Mshale ukienda mwisho, saa ni ya desturi ya 10 hadi 180. Ukianguka chini ya sifuri, ni ya 240 hadi 33. Gusisha waya huo kwenye chuma kwa sekunde moja, utaona kinyume chake. Sasa chukua multimita, pima kati ya kichwa cha senda na mwili wake injini ikiwa imezimwa. Namba itakuambia ipi ya kubadilisha.

Hata desturi zikilingana, angalia bado kiwango kilichochapwa kwenye senda. Kuna senda za bar 5 na za bar 10 zenye omu zilezile 10 hadi 180. Senda ya bar 5 ikiungwa na saa ya bar 10, injini yenye bar 1 itaonyesha 2, na utalala usingizi mzuri usio na sababu. Kwa zile za waya tatu hesabu ni rahisi: senda ya psi 100 hutoa volti 2.5 penye psi 50, na kila volti ni psi 25. Usiipe volti 12 kwenye waya wake mwekundu. Hulishwa na saa yenyewe kwa volti 5.

HiAce yetu ya dizeli inapiga ruti ya Kisumu–Mbale–Kakamega. Tulifungiwa geji vizuri, T ya shaba moja kwa moja kwenye block, senda kubwa juu yake. Wiki chache baadaye ilikatika shingoni na oili yote ikamwagika barabarani. Tulikuwa na bahati dereva alizima haraka. Je, T ilikuwa ya bei rahisi? – Mwenye matatu, Chavakali

Huenda ilikuwa, lakini hata ya bei ghali ingekatika. Senda ya ukinzani ni kopo lenye uzito wa gramu mia moja au zaidi, na ukiiweka kwenye T inakaa sentimita tano hadi saba nje ya block. Dizeli inatikisika, barabara inatikisika, na uzito huo wote unakunjwa mbele na nyuma kwenye shingo ya milimita kumi ambayo ndani imetobolewa. Shaba haina uvumilivu wa kukunjwa namna hiyo. Ufa huanzia kwenye thredi ya mwisho iliyo nje, mahali pembamba kuliko pote, kwa hiyo hukuuona.

Dawa ni hosi ya kusuka tuliyomweleza ndugu wa Ahero, na senda ishikwe kwenye bodi. Mkitaka usalama zaidi, tafuteni kichwa cha hosi chenye kitundu cha milimita 0.8 hadi 1 badala ya kilicho wazi. Mshale utakuwa mtulivu zaidi, na hosi ikikatika oili itatoka kwa mrija mwembamba wa kumpa dereva muda wa kusimama, si kwa mfereji. Kitundu hicho hakipunguzi presha inayosomwa, kwa sababu oili ndani ya hosi haitiririki, imesimama tu.

Kuna njia nyingine: bamba linalokaa kati ya filta na block, lenye matundu yake ya senda. Ni imara, ila linahitaji thredi ya filta iwe sawasawa. Filta nyingi ndogo za Toyota ni 3/4-16. Honda, Mitsubishi na Nissan nyingi za karibuni ni M20x1.5. Mpira wa bamba ukae safi na upakwe oili, na hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umenata kwenye block. Mipira miwili ikipandana, lita zote zinatoka ndani ya dakika moja.

Na kwa kuwa injini yenu ilikimbia bila oili hata kama ni sekunde chache, pimeni presha ikiwa moto sasa, na mpime tena baada ya wiki mbili. Ikishuka kati ya vipimo hivyo viwili, beringi zimeguswa.

Nina geji ya kupimia ya gereji, ile iliyojaa maji mazito ndani. Magari mengi ya Toyota nikiyapima kwa mngurumo wa chini naona psi 1 au 2 tu, na kitabu kinataka zaidi ya 4. Injini hazigongi, taa haiwaki. Geji ni mpya. – Fundi, Njoro

Bwana fundi, swali lako ndilo tulilolipenda kuliko yote. Geji yako imejazwa gliserini na kufungwa kiwandani, pengine karibu na usawa wa bahari. Hewa iliyofungiwa ndani ya kopo ina presha ya huko, kilopaskali 101 hivi. Nakuru mjini iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, ambako hewa ya nje ni kilopaskali 81 tu, na Njoro mko juu zaidi. Ndani ya kopo kuna msukumo wa ziada wa kilopaskali 20, sawa na psi 3, unaoukandamiza mrija wa saa usifunguke. Mshale ungekaa chini ya sifuri, lakini msumari mdogo unauzuia, kwa hiyo huoni kosa. Kila kipimo chako kinatoka na upungufu wa psi 3. Kwenye psi 50 hakuna anayejali. Kwenye psi 4, unaihukumu injini nzima kufunguliwa.

Juu ya kopo kuna kizibo cha mpira. Vingine vina kichwa cha kukata kwa kisu, vingine vina kijiti cha kugeuza kutoka kufungwa hadi kufunguliwa. Isimamishe geji wima, ifungue, utasikia pumzi ikitoka. Iache wazi muda wote unapoitumia, kwa sababu joto la injini nalo huvimbisha hewa ya ndani na kurudisha kosa lilelile. Ukienda kufanya kazi Kisumu, mita 1,130 hivi, kosa la geji isiyofunguliwa ni dogo kidogo, psi 2 kasorobo, lakini bado lipo.

Wale magari uliyoyapima, yapime tena kabla hujamwambia mtu yeyote habari ya beringi.

Nataka kununua Premio iliyotumika. Muuzaji ameifungia geji ya presha na ananionyesha bar 4 asubuhi akiwasha. Anasema hiyo ni injini safi. Nitamwamini? – Mama mnunuzi, Mamboleo, Kisumu

Mama, bar 4 ya asubuhi ni habari ya oili baridi. Oili nzito na baridi hupita kwa shida kwenye nafasi za beringi, na shida hiyo ndiyo saa inayoisoma. Hata injini iliyochoka huamka na bar 4. Mwambie muende pamoja: pandeni kutoka Mamboleo hadi Kiboswa na mrudi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, nusu saa nzima. Geji ya joto la maji itafika katikati baada ya dakika chache, lakini oili huchelewa kupata moto, mara nyingi dakika ishirini na zaidi; usikubali kusoma mapema. Mkirudi, simameni na injini ikinguruma. Hiyo ndiyo namba ya kuangalia. Kisha dereva akanyage ishike mizunguko 3,000 bila kuhama, soma tena. Zaidi ya bar 0.5 kwa mngurumo wa chini na bar 2.5 au zaidi kwa 3,000 ni injini ya kuzungumza nayo. Mshale usiopanda hata ukikanyaga ni wa kuogopa kuliko mshale ulio chini.

Uliza pia oili iliyomo ni ya namba gani. Premio hutaka nyepesi, 5W-30 au 10W-30. Wauzaji wengine humimina 20W-50, au kopo la dawa nzito kama asali, na mshale unapanda siku hiyohiyo. Beringi hazijapona, oili tu ndiyo inayokataa kupita. Chomoa kijiti, ibane oili kati ya vidole viwili, uachanishe taratibu: nyepesi hukatika mara moja, nzito au iliyotiwa dawa huvutika uzi mrefu. Ukinusa petroli kwenye kijiti, au kiwango kiko juu ya alama ya juu, kuna petroli inayoshuka kwenye sampu, na hiyo hushusha presha hata kwenye injini changa.

Kuna kanuni inayopitapita kwamba kila mizunguko 1,000 lazima iwe na psi 10. Ilitokana na injini kubwa za V8 za Marekani. Kuipimia Premio ni kuikosea heshima.

Lori letu linashuka Salgaa. Mshale unapanda tukishuka na kushuka tukipanda. Si kinyume? – Turnboy, Mau Summit

Si kinyume. Pampu ya oili huzungushwa na krenki, kwa hiyo presha hufuata mizunguko ya injini, si mzigo. Mkishuka kwa gia ndogo injini inavutwa kwenye mizunguko ya juu na oili inapata kupoa. Mkipanda mzigo unaibana, mizunguko inashuka na oili inapata moto. Kinachofaa kuwatia hofu ni mshale unaoanguka ghafla kwenye kona au breki: hapo oili imekimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa. Angalieni kiwango.

Jambo moja kuhusu lori: mengi ya saizi yenu yana betri mbili za mfululizo, volti 24. Saa ya volti 12 itaungua siku ya kwanza. Msiibe volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Itatumika zaidi ya mwenzake na zote zitakufa. Nunueni saa ya volti 24.

Naweza kufunga geji ya presha kwenye boda boda? – Msomaji, Bungoma

Huna mahali pa kuifunga. Pikipiki nyingi ndogo za silinda moja hazina swichi ya oili, na krenki yake huzunguka kwenye beringi za mipira na rola zinazoridhika na oili ya kurushiwa kwa presha ndogo mno. Hata ukitoboa, mshale hautakuambia kitu. Tazama kijiti au kioo cha oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, pikipiki ikiwa imesimama wima, si kwenye stendi ya pembeni. Kwenye vijiti vingi vya aina ya skrubu, kipimo husomwa kijiti kikiwa kimewekwa tu tunduni bila kuzungushwa. Ukikizungusha hadi mwisho kinazama zaidi na unasoma oili isiyokuwepo.